Unamtafutia mtoto shule ya msingi ya kulipia? Pitia hatua hizi kwanza kabla hujatoa hata mia

Kila ikifika mwezi wa kumi simu yangu haitulii. "Shoga, shule gani nzuri huko Kinyerezi?" "Dada, wa kwangu Januari anaingia la kwanza, nimpeleke wapi?" Shemeji yangu wa Tabata mwaka huu peke yake kaniuliza mara tatu, na mara zote nimemjibu kwa voisi za dakika tano tano ambazo nina uhakika hakuzisikiliza mpaka mwisho. Sasa naandika yote hapa kwa mkupuo, atakayeuliza tena namtumia hii.

Mi sio mwalimu na sina shule. Nina watoto watatu, wa kwanza nimemhamisha mara mbili kwa makosa yangu mwenyewe, wa pili nikawa nimeshapata akili, wa tatu ndo anaanza. Ninayosema yanahusu zaidi Dar na miji yetu ya Tanzania, hizi ingilishi midiamu za dei za kawaida, sio zile za kimataifa zinazochaji kwa dola, huko sijafika.

Halafu jina la shule sikutajii, na sio uchoyo. Shule iliyomfaa mwanangu anayetembea dakika kumi kwa miguu inaweza kumtesa wako anayetoka Chanika. Nakupa namna ya kuitafuta.

Kabla hujatoka nyumbani uwe na hivi

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto cha RITA. Kama hana anza kufuatilia leo, usisubiri Januari.
- Kadi ya kliniki, picha za pasipoti kama sita hivi, na ripoti za nasari kama alisoma.
- Simu yenye bando, utaingia tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani.
- Daftari na kalamu. Ukishatembelea shule nne zinachanganyika kichwani, utajikuta unaikumbuka jiko la shule ile na walimu wa shule hii.
- Siku mbili za katikati ya wiki ambazo utaomba ruhusa kazini. Jumamosi haikusaidii, Jumamosi shule zote nzuri.
- Muda. Anza Agosti au Septemba. Anayeanza tarehe 5 Januari anachukua kilichobaki na bei iliyobaki.

Umri pia angalia. Kwa utaratibu wa sasa mtoto anaingia darasa la awali akiwa na miaka mitano na la kwanza akiwa na sita. Usimsukume wa miaka minne na nusu kwa sababu jirani kampeleka wake, huyo mtoto atakaa na wenzake waliomzidi hadi anamaliza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwezi mbaya

Watu wengi wanapiga hesabu kwa mwezi ambao biashara imechanganya au bonasi imetoka. Wewe chukua mwezi mbaya kuliko yote mwaka jana, mwezi ule uliokopa hela ya gesi, ujiulize kama mwezi ule ungeweza kutoa awamu ya ada. Ada za awamu nne kawaida zinaangukia Januari, Machi au Aprili, Julai, na Septemba au Oktoba, na Julai huwa haina huruma.

Sasa ada yenyewe. Ile namba kwenye bango ni mlango tu, ndani kuna vyumba. Nilikaa na rafiki yangu tukaandika kila kitu cha shule moja aliyokuwa anaitaka, ikawa hivi:

- Ada: 1,600,000
- Basi: 700,000
- Chakula na uji: 450,000
- Yunifomu, sweta, traksuti, viatu: 180,000
- Vitabu: 120,000
- Rimu, sabuni, tishu, dawa ya choo na hayo mengine wanayoita mahitaji: 90,000
- Masomo ya ziada, ambayo kwa jina ni hiari: 100,000

Jumla 3,240,000. Ada ya milioni moja na laki sita imezidi mara mbili, na hapo hatujaweka fomu, hela ya intavyuu, ziara ya mafunzo, picha, na mahafali ya pri yuniti yenye joho. Ndio, joho, mtoto wa miaka mitano.

Kwa hiyo ukifika ofisini usiulize "ada shingapi?" Uliza "mzazi wa darasa la kwanza mwaka jana alilipa jumla shingapi kuanzia Januari mpaka Desemba, kila kitu?" Waombe waandike kwenye karatasi. Uliza tena la nne na darasa la mwisho inakuwaje, maana huko kuna kambi za kujiandaa na mtihani, na kambi ina bei yake.

Halafu zidisha. Kwa mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, kwa hiyo anayeingia la kwanza sasa hivi unamhesabia miaka sita, na ada haitabaki ilipo miaka yote hiyo. Ukiona inabana toka mwaka wa kwanza, shuka ngazi moja, tafuta ya bei ya chini utakayoimudu mpaka mwisho. Kumhamisha mtoto kwa sababu ada imekushinda akiwa la tatu kunamuumiza kuliko kumwanzisha shule isiyo na bwawa la kuogelea.

Hatua ya 2: Pima njia kabla ya kupima shule

Hapa ndipo nilipoliwa. Wa kwanza tulikuwa tunakaa Goba, nikampeleka shule moja upande wa Mikocheni kwa sababu ina jina na ofisini kwangu watu wakisikia walikuwa wanatikisa kichwa kwa heshima. Basi lilikuwa linampitia saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, kiza totoro, nambeba amelala nampandisha amelala. Anarudi saa kumi na moja jioni. Siku moja dada kamwekea ugali na mchuzi wa samaki, mi niko jikoni, nikasikia kimya, kwenda kuangalia mtoto kalala shavu liko kwenye ugali, tai ya shule imelowa mchuzi, na mkono bado umeshika tonge. Nilikaa pale chini nikalia. Homuweki zilikuwa tatu siku hiyo.

Kanuni niliyojiwekea toka siku hiyo: toka mtoto anapokanyaga nje ya mlango mpaka anaingia getini isizidi dakika arobaini na tano kwa saa ya foleni. Pima saa ya foleni yenyewe, saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumatatu, usipime Jumapili ukitoka kanisani. Kumbuka basi halinyooki, linazunguka kuokota watoto kumi na tano wengine kabla, na wako akiwa wa kwanza kuchukuliwa mara nyingi anakuwa wa mwisho kurudishwa.

Shule zilizo nje ya hapo zifute kwenye daftari hata kama zina jina. Utabakiwa na nne au tano, hizo ndo utafanyia kazi hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Uliza usajili, na uuone

Hii ni fupi. Omba uone cheti cha usajili, kisomeke kimeandikwa jina la shule hiyo hiyo na ngazi hiyo hiyo, maana wapo waliosajili ya awali tu wakaendelea kupandisha madarasa mpaka la tatu huku wanasema "kibali kiko njiani". Shule isiyo na usajili haina namba ya kituo, watoto wake wakifika la nne wanaenda kuandikishiwa mtihani kwenye shule nyingine, na wewe mzazi unajua siku hiyo hiyo. Ukiwa na wasiwasi nenda kwa Afisa Elimu Kata, ofisi yake iko hapo hapo kata, anazijua shule zake zote, au wathibiti ubora wa shule ngazi ya wilaya, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi.

Na bodingi kwa mtoto mdogo, sahau. Toka 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ukiambiwa "sisi tunalaza hata wa la kwanza", waombe hicho kibali.

Hatua ya 4: Soma mkeka wa NECTA vizuri, usisome A tu

Ingia tovuti ya NECTA, fungua matokeo ya darasa la saba, chagua mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule. Utaona waliofanya mtihani wangapi na wamepata nini. Wengi wanaishia hapo, wakiona mkeka umejaa A wanalipa.

Wewe fanya kitu kimoja cha ziada. Fungua na matokeo ya upimaji wa darasa la nne wa shule hiyo hiyo, ila rudi nyuma miaka mitatu. Waliokuwa la nne mwaka 2021 ndo hao hao waliofanya la saba 2024. Linganisha idadi.

Kuna shule moja jirani na kwetu niliifanyia hivyo, la nne walikuwa 61, la saba wamefika 38. Mkeka wa la saba ulikuwa unang'aa kweli. Nikajiuliza wale 23 wako wapi? Wengine wazazi wamehama, wengine ada imeshinda, hiyo ipo kila mahali na usiihukumu shule kwa watoto watano. Ila theluthi ya darasa? Nikaja kuongea na mzazi mmoja, mwanawe alikuwa na wastani wa 58, akaitwa ofisini akaambiwa achague, akariri darasa au atafute shule nyingine. Hivyo ndivyo mkeka unavyong'arishwa. Wizara imeshakemea hii tabia lakini inafanywa kimyakimya, hawakuandikii barua, wanakuita tu na kukuongelesha kwa upole.

Kwa hiyo ukikaa na mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma, swali ni hili: "Mtoto akipata wastani wa 45 mnamfanyaje?" Halafu nyamaza. Anayekujibu mara moja kwa mambo yanayoeleweka, mwalimu fulani anabaki nao saa tisa, tunamwita mzazi, tunaanza na kusoma, huyo anao watoto wa hivyo na anawahudumia. Anayekwambia "hapa kwetu hakuna mtoto wa wastani huo", amka uage. Mimi hili swali ndo linanipa shule, mengine yote ni nyongeza, maana sijui mwanangu atakuwa wa ngapi na wewe wako humjui bado.

ANGALIZO: siku hizi NECTA hawatangazi tena shule kumi bora kitaifa kama zamani. Ukiona bango jipya limeandikwa "namba moja kitaifa" uliza ni orodha ya nani.

Hatua ya 5: Nenda bila taarifa, na uende mara mbili

Mara ya kwanza saa nne asubuhi muda wa uji, mara ya pili siku nyingine saa nane mchana jua likiwa kali na walimu wamechoka. Shule inayokwambia mzazi haruhusiwi kutembea ndani bila kusindikizwa iko sawa, hiyo ni usalama wa watoto. Inayokwambia mzazi haruhusiwi kuona kabisa zaidi ya ofisi, hapana.

Anza na geti. Askari kakuuliza unaenda wapi na kakuandika kitabuni? Vizuri. Kakufungulia tu kwa sababu umevaa vizuri? Atamfungulia na mwingine.

Halafu vyoo, na usione aibu kuomba kuingia. Viwango vya Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwa hiyo shule yenye wasichana mia mbili ukikuta matundu manne hesabu imekataa. Angalia kama maji yanatoka kweli, fungua bomba kwa mkono wako, na kama kuna sabuni au kopo la sabuni limekauka toka siku ya mahafali. Uliza nani anawasindikiza wadogo chooni. Jibu liwe jina la mtu, matroni fulani, sio "huwa wanaenda wenyewe wameshazoea".

Darasani hesabu vichwa. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa la msingi na 25 kwa awali, sasa kama unalipa milioni na ushee ukakuta 52 kwenye chumba kilichokuwa sebule ya nyumba ya mtu, unalipia nini? Uwanja wa kuchezea uwepo, hata mdogo. Zipo shule za ghorofa ambazo watoto mapumziko wanasimama kwenye korido kama abiria wa mwendokasi.

Jikoni pita pia, angalia ratiba ya chakula ukutani kisha angalia sufuria lina nini, kama havifanani umeshajua.

Ukitoka nje nunua ubuyu. Yule mama anayeuza ubuyu na barafu nje ya geti anajua mambo ambayo meneja wa shule hakwambii, anajua basi gani linachelewa, mwalimu gani kaondoka, watoto wanatoka wanacheka au wananuna. Nunua wa elfu moja uongee naye kidogo.

Hatua ya 6: Omba madaftari

Waambie unataka kuona madaftari ya darasa la pili. Watakuletea la mtoto anayeongoza, limefunikwa kwa kava la nailoni, mwandiko kama umechapwa. Sema ahsante, halafu omba uchomoe mwenyewe kwenye rundo.

Shule moja nilichomoa daftari la hisabati la mtoto wa kiume. Ukurasa wa kwanza safi. Ukurasa wa tatu kaandika 17 + 8 = 115, pembeni vema nyekundu kubwa. Chini yake 26 + 9 = 215, vema. Yaani saba na nane kapata kumi na tano akaiandika yote pale pale, hajui kubeba kumi kwenda upande wa pili, na mwalimu kaweka vema kumi kwa kumi na neno la pongezi. Hilo daftari lilikuwa halijasomwa, limepitiwa na kalamu tu. Mwalimu mkuu alikuwa bado ananisimulia kuhusu maabara ya kompyuta.

Unachotafuta: kosa limeonekana kuwa kosa, mtoto karudia chini yake kwa usahihi, tarehe zinafuatana. Daftari lenye makosa yaliyosahihishwa ni zuri kuliko lenye vema tupu.

Kwenye hilo hilo angalia Kiingereza. Sikiliza walimu wanavyoongea na watoto wakati wa kawaida, sio wanavyokusalimia wewe. Na Kiswahili usikidharau, la saba kuna mtihani wa Kiswahili hata kwa wa ingilishi midiamu, tena nimeona watoto wanaanguka huko huku wazazi wanajisifu mtoto haongei Kiswahili. Shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili mi sipeleki wangu.

Hatua ya 7: Walimu na fimbo

Uliza walimu wangapi walikuwepo mwaka juzi na bado wapo. Walimu wakiwa wanabadilika kila muhula mara nyingi mishahara inachelewa, na mwalimu ambaye hajalipwa miezi miwili hatakuwa na subira na mwanao anayeuliza swali mara ya tatu.

Fimbo ulizia wazi wazi. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyemruhusu yeye, na iandikwe kitabuni. Waambie wakuonyeshe hicho kitabu. Kama wanacheka, kila mwalimu ana fimbo yake.

Mambo ya dini malizana nayo hapa hapa, shule nyingi ni za makanisa au za Kiislamu na zinapokea wote, ila uliza wako atashiriki ibada au atakuwa wapi muda huo, na Ijumaa mchana inakuwaje. Bora ujue sasa kuliko mtoto akuimbie pambio mezani baba yake akiwa ni ustaadhi.

Hatua ya 8: Basi

Baada ya ile ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu Mei 2017 nilijua kila mzazi ataanza kukagua mabasi. Tulikagua mwezi mmoja tukasahau.

Simama kituo cha karibu na kwako asubuhi moja uangalie linavyopita. Watoto wangapi wameketi na wangapi wamesimama au wamepakatana. Kuna matroni anayeshuka kuwashika mkono kuwavusha, au dereva anapiga honi tu na watoto wanakimbilia? Tairi unaziona mwenyewe. Mwendo unauona mwenyewe. Ukiweza chukua bodaboda ulifuate mpaka shuleni, utatumia elfu tatu nne lakini utajua kila kitu. Chukua namba ya dereva na ya matroni, zote mbili, na uliza likiharibika njiani nani anapiga simu kwa wazazi.

Hatua ya 9: Intavyuu

Usimkaririshe mtoto wiki nzima. Mtoto wa miaka sita anatakiwa aseme jina lake, ahesabu kidogo, ashike penseli, asikilize maelekezo. Mlaze mapema, ale, mpeleke chooni kabla. Wakati yeye anapimwa wewe mpime anayempima: amechuchumaa akaongea naye usawa wa macho au kampa karatasi akaendelea na simu? Wangu wa pili alifika akagoma kusema hata jina lake, mwalimu akamuuliza viatu vyake vinawaka taa au haviwaki, akaongea dakika ishirini bila kunyamaza. Hapo ndo anaposoma mpaka leo.

Hatua ya 10: Lipa kwa akili

Lipa kwa kontrol namba au akaunti ya benki yenye jina la shule, kamwe usitume kwenye namba ya simu ya mtu hata kama ni meneja na ana haraka. Risiti piga picha. Kabla ya kulipa ya mwaka mzima kwa sababu ya punguzo, uliza kwa maandishi mtoto akiondoka Aprili mnarudisha shingapi. Wengi watakwambia hairudishwi, basi lipa awamu moja. Omba punguzo la mtoto wa pili kama unao wawili, na omba kulipa kila mwezi kama kipato chako ni cha kila mwezi, shule nyingi zinakubali ila hawatangazi, hadi uombe.

Yunifomu nunua pea mbili kwanza, sio tatu. Wanakua.

Ukikwama

*Mtoto analia kila asubuhi.* Wiki tatu za mwanzo ni kawaida. Ikizidi hapo, au tumbo linamuuma kila Jumapili jioni na Jumamosi haliumi, nenda shule bila taarifa muda wa mapumziko umwangalie kwa mbali anakaa na nani. Usimhoji kama polisi, muulize nani kakaa naye kwenye basi, utapata mengi.

*Ametoka nasari ya Kiswahili, haelewi Kiingereza.* Mpe muhula mzima. Msomee kitabu kimoja kila jioni dakika kumi. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, huna haja ya kununua vyote. Tyusheni kwa wa la kwanza mi naona ni kumchosha tu.

*Wamepandisha ada katikati ya mwaka.* Toa ile karatasi uliyoandikiwa kwenye hatua ya 1. Kama hukuandikiwa, ongeeni wazazi kumi muende pamoja, mzazi mmoja mmoja anazungushwa.

*Wamekuita kwamba wastani wake mdogo, akariri au ahame.* Waambie wakuandikie barua. Mara nyingi barua haiji na habari inaishia hapo. Wakiendelea, Afisa Elimu Kata, kisha wilayani.

*Kipato kimeyumba, ada haiwezekani.* Mwambie mhasibu mapema, kabla mtoto hajarudishwa getini mbele ya wenzake, hiyo aibu anayeibeba ni yeye. Na kumpeleka shule ya serikali sio mwisho wa dunia, huko za kawaida hazina ada, na Dar zipo hata za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza kama Olympio na Diamond, ingawa nafasi ni za kugombania. Ukiweza hamisha Januari, na kama yuko la nne subiri amalize upimaji kwanza.

*Shule ya zamani inang'ang'ania uhamisho kwa sababu unadaiwa.* Uhamisho unapitia kwenye PREM, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za wanafunzi, ya zamani inamtoa, mpya inampokea. Kubaliana nao namna ya kulipa deni, mwandikishiane, ikishindikana nenda kwa afisa elimu na hayo maandishi. Namba yake ya PREM omba toka leo, iandike nyuma ya kadi ya kliniki na uipige picha. Mi ya wa kwanza niliitafuta siku nne, mwalimu aliyekuwa nayo alikuwa ameshahama shule.